Mwanachuoni Mbele ya Uchawi

Hakuna mwalimu aliyefundisha sayansi katika shule zetu kwa miaka mitatu ambaye hajaulizwa swali hili: "Mwalimu, uchawi upo au haupo?" Aghalabu huulizwa na mwanafunzi aliyekaa nyuma, siku ambayo somo ni la umeme au la magonjwa ya kuambukiza, na darasa zima hunyamaza kungoja. Mwalimu huyo ana majibu mawili yaliyo karibu na ulimi. La kwanza ni kusema kwamba huo ni upuuzi, na tuendelee na somo. La pili ni kucheka kidogo na kusema kwamba mambo hayo yapo, ila si ya kuzungumzwa darasani. Majibu yote mawili hufunga mlango, na sisi, baada ya kuyatafakari kwa muda mrefu, tumeona kuwa ni jibu moja lililovaa nguo mbili.

Katika makala hii hatukusudii kuthibitisha wala kukanusha kuwako kwa uchawi. Swali letu ni jingine: mtu mwenye elimu ana wajibu gani mbele ya jambo ambalo watu wanalisadiki, na ambalo yeye ama halijui ama haliamini? Ili kulijibu tumewaendea wataalamu wa kubuni, wale waliotungwa na waandishi wa riwaya ili waichunguze mizimu, wafu wasiolala na siri za uhai. Mtaalamu wa kubuni ana faida moja ambayo mtaalamu wa kweli hana. Mtungaji wake hamsitiri. Tunamwona akiwaza usiku, akiogopa, akidanganya na akinyamaza mahali pa kusema. Na baadhi ya mambo hayo tunayatambua kwa kuwa tumeyatenda wenyewe.

Kwanza tuitazame lugha yetu, maana haikuweka ukuta kati ya elimu na siri kama tunavyoudhania leo. Mnajimu ni yule anayepima mwendo wa sayari, na mnajimu huyo huyo ni yule anayekwambia siku njema ya kusafiri. Chuo, katika Kiswahili cha zamani, ni kitabu. Lakini mwenye chuo aliweza kuwa mwalimu wa watoto au mtazamiaji wa bahati za watu. Na neno mganga linamtosha mzee wa mizizi na hirizi, kisha linapanda mpaka ofisini, kwa kuwa Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, aliyesomea utabibu wa kisasa. Hatuoni kuwa huo ni upungufu wa lugha. Waliotuachia maneno hayo walijua kwamba anayetibu na anayedai kutibu huingia kwa mlango mmoja, na mgonjwa ndiye anayebaki na kazi ya kuwapambanua.

Sasa tumwendee mtaalamu wa kwanza. Mwaka 1818 mwandishi wa Kiingereza Mary Shelley alichapisha riwaya ya Frankenstein. Watu wengi wanaolijua jina hilo hudhani ni jina la zimwi. Kumbe ni la mtaalamu aliyeliumba, Victor Frankenstein, kijana wa Geneva, na zimwi lenyewe halikupewa jina. Victor akiwa na umri wa miaka 13 aliokota kitabu cha Cornelius Agrippa, Mjerumani wa karne ya 16 aliyeandika juu ya elimu za siri. Akakisoma kwa furaha, akampelekea baba yake. Baba akautazama ukurasa wa jina bila kuujali sana, akamwambia mwanawe asipoteze wakati kwa takataka ile. Basi, hakuongeza neno. Mtoto akaendelea na Agrippa, akaongeza Paracelsus na Albertus Magnus, akawa anatafuta dawa ya kuzuia mauti na njia ya kuita mizuka.

Victor akiwa mtu mzima anasimulia kwamba laiti baba yake angejitaabisha kumweleza kuwa mafundisho ya Agrippa yalikwisha pimwa na kuonekana hayasimami, na kwamba mahali pake pamewekwa elimu yenye nguvu zaidi, huenda angekitupa kitabu kile. Tunawaomba walimu wakae kidogo na habari hiyo. Baba alikuwa na haki, maana kitabu kilikuwa cha ndoto. Hata hivyo, haki isiyoelezwa haikumfaa mwanawe. Jambo hilo linarudiwa huko Ingolstadt, Victor alipoingia chuo kikuu. Mwalimu mmoja, Krempe, akayadhihaki yote aliyoyasoma. Kijana akatoka na hasira, na moyo wake haukubadilika. Mwalimu wa pili, Waldman, akayasikiliza majina yale yale bila kudharau, akasema kuwa wanachuoni wa sasa wamejengea juu ya msingi wa jitihada za watu wale. Huyo wa pili ndiye aliyemgeuza kijana kuwa mwanakemia.

Wasomaji wengi huliona kosa la Victor katika kuthubutu kwake, yaani kuigusa kazi isiyo ya binadamu. Sisi hatukubaliani. Kosa tunaloliona lina sehemu mbili, na sehemu zote mbili ni kimya. Alifanya kazi yake karibu miaka miwili katika chumba cha juu, peke yake, bila kumwonyesha mwalimu wala rafiki, mfano wa mtu aliyetoka na ungo usiku. Na kiumbe kilipofungua macho alikimbia. Kisha kiumbe kile kikamuua William, mdogo wake Victor, na shutuma ikamwangukia Justine, msichana aliyelelewa nyumbani kwao. Victor alijua kuwa Justine hana hatia. Hakulisema analolijua, kwa kuwa aliona akilisema ataitwa mwendawazimu. Justine akanyongwa. Hatujui ukurasa mwingine wa riwaya za kutisha unaotisha kama huo, na hauna zimwi ndani yake. Una mtu msomi aliyekaa barazani mwa mahakama akichunga heshima yake.

Mtaalamu wa pili ni mzee. Ni Profesa Van Helsing, daktari wa Amsterdam, katika riwaya ya Dracula ya Bram Stoker iliyotoka mwaka 1897. Anaitwa Uingereza kumtazama msichana Lucy anayepungukiwa damu kila usiku, naye anatambua, kabla ya wenzake, kwamba msichana ananyonywa na mfu asiyelala. Huyu hakuidharau imani ya watu wa kale. Alisoma tiba na sheria, na pia aliyasoma masimulizi ya vijijini kama ushahidi. Hapo anastahili sifa. Lakini tazameni anachofanya. Anakizungushia chumba cha Lucy maua ya kitunguu saumu, na hamwambii mama wa msichana maana yake, kwa sababu mama ana ugonjwa wa moyo na habari ile ingemwua. Usiku mama anaingia, anaona harufu ni kali mno kwa mgonjwa, anayaondoa maua na kufungua dirisha. Kwa upendo! Asubuhi Lucy anakutwa karibu na kufa. Huruma ya daktari na huruma ya mama zimepigana gizani, kwa kuwa mmoja alikuwa na maarifa na mwingine hakupewa.

Jambo jingine katika riwaya hiyo hutufanya tutabasamu. Lucy anatiwa damu ya wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, bila kupimwa kama damu zao zinapatana, kwa kuwa makundi ya damu yalikuwa hayajajulikana. Karl Landsteiner wa Vienna aliyatangaza mwaka 1901, miaka minne baada ya riwaya kutoka. Leo muuguzi yeyote atakwambia kuwa kitendo kile peke yake kilitosha kumwua mgonjwa. Kwa hiyo katika chumba kile kitunguu saumu ndicho kilichokuwa salama, na sayansi ndiyo iliyokuwa ramli.

Nasi tulikuwa na Dracula wetu, ingawa hakutoka kitabuni. Wakati wa ukoloni uvumi wa mumiani ulienea Afrika Mashariki: watu walisema kuwa wapo wanaokamata wapita njia usiku na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa, na katika miji mingi waliotajwa ni wazimamoto wenye magari yao mekundu. Wageni waliuandika uvumi huo kuwa ushahidi wa ujinga wetu. Hatusemi kuwa ulikuwa wa kweli. Tunauliza tu: watu waliokuwa wakitolewa damu na kuchomwa sindano bila kuambiwa sababu, wakilipishwa kodi bila kuambiwa sababu, wangefikia maelezo gani? Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea. Wazee wetu walimpa mwana yule waliyemwogopa, wakakaa nje ya mlango wa zahanati, na aliyekuwa ndani hakutoka kuwaambia kitu. Pasipo maelezo, watu hujitengenezea maelezo.

Tukitoka kwa hao wawili waliofanya kazi kwa siri, twende kwa wataalamu wanaofanya kazi hadharani, tena serikalini. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Urusi, Arkady na Boris Strugatsky, walitoa riwaya ya kuchekesha iitwayo Jumatatu Huanza Jumamosi. (Kwetu jina hilo halishangazi kama linavyowashangaza wengine, maana sisi ndio tunaoianza juma kwa Jumamosi, siku ya kwanza kwa hesabu, na Jumatatu ni ya tatu.) Boris alikuwa amefanya kazi katika kituo cha kutazamia nyota cha Pulkovo, kwa hiyo alizijua taasisi za utafiti kwa ndani. Hadithi inamhusu Privalov, kijana mtaalamu wa kompyuta, anayeingia katika taasisi iliyoko mji wa kubuni wa Solovets, kaskazini ya Urusi, mahali ambapo uchawi unachunguzwa kama fizikia. Kuna idara ya furaha, idara ya maana ya maisha, idara ya ubashiri. Kuna majini na viumbe vya hadithi za kale, na kuna fomu za kujaza, mkuu wa utawala anayekagua funguo, na gazeti la ukutani. Mtumishi wa serikali anayeisoma hucheka mahali ambapo wengine hawacheki.

Kiini cha riwaya hiyo ni usiku wa mwaka mpya. Kwa amri, wafanyakazi wote hutakiwa kwenda nyumbani. Wanatoka, kisha mmoja mmoja wanarudi kwa siri, kwa madirisha na kwa uchawi wao, kwa kuwa hakuna karamu iliyo tamu kuliko swali walilolilaza mezani. Wanaamini kwamba furaha ya binadamu imo katika kulitafuta lisilojulikana. Na wana alama moja ya ajabu. Mfanyakazi akianza kuitumia elimu kwa tumbo lake mwenyewe, masikio yake huota nywele. Wengine huzinyoa kila siku, lakini zinaota tena. Tulipolisoma hilo tulijikuta tukiyapapasa masikio yetu.

Mwenye masikio ya nywele kuliko wote ni Profesa Vybegallo. Anajua kusema, anajua kuwaita waandishi wa magazeti, na anadai kuwa binadamu atakuwa mwema pindi haja zake zote zitakapotoshelezwa. Anaumba kiumbe cha kulithibitisha hilo. Kiumbe kinakula, kinakula, mpaka kinapasuka. Hakomi. Anaumba kingine, binadamu aliyetoshelezwa kabisa, nacho mara tu kinapozaliwa kinaanza kuvutia kwake kila kitu chenye thamani kilichopo karibu, ikabidi kijana mmoja, Roman, akirushie chupa iliyofungwa jini ndani yake ili kukiangamiza. Kama Victor, Vybegallo ameumba kiumbe asichoweza kukitawala. Lakini safari hii wenzake walikuwapo, walimpinga kwa maneno, na mmoja wao alikuwa na chupa mkononi. Hiyo ndiyo tofauti ya kufanya kazi mbele ya macho ya wengine.

Hata hivyo, tuna neno na ndugu hao wawili. Katika taasisi yao hakuna mwanakijiji. Uchawi wa Solovets haumgombanishi mtu na jirani yake, hakuna ajuza anayetajwa kwa jina wala mtoto aliyekufa kwa homa. Ni uchawi wa watu ambao hofu hiyo ilikwisha watoka. Kwetu haijatoka. Tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa katika nchi yetu kwa sababu waganga waliwaambia wateja wao kuwa viungo vya watu hao huleta utajiri. Na mwezi wa Januari mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi. Sheria ya Uchawi ni ya zamani zaidi, iliandikwa mwaka 1928. Inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu wa namna hiyo akae mahali maalumu. Uhamisho, kwa neno moja. Sheria inajua la kumfanya mtu. Haijui kuuliza ni nini kilichotokea.

Aliyejua kuuliza ni Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, aliyefanya kazi katika idara ya afya Unguja kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alimtoa kwa wasomaji katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960. Bwana Msa hana maabara. Ana kiko, ana macho, na ana subira ya kumsikiliza kila mtu mpaka mwisho wa maneno yake. Maiti ya mtu mwenye mali inakutwa mzimuni, mahali ambapo watu huenda kwa hofu na kwa nadhiri, na mahali penyewe pamekwisha toa jibu kabla ya swali. Bwana Msa hawatukani wenye kuuheshimu mzimu wala hapotezi siku kubishana kama mizimu ipo. Anauliza nani alipita, saa ngapi, nani ni ndugu wa nani. Miaka minane baadaye mtungaji huyo aliita riwaya nyingine Kisima cha Giningi, kwa jina la mahali ambapo Unguja nzima hupajua kuwa ni makao ya wachawi, na Bwana Msa akaenda huko na maswali yale yale.

Wapo wanaosema kuwa huyo ni mpelelezi tu, si mtaalamu. Sisi tunamweka juu ya Van Helsing. Yule wa Amsterdam alikuwa na jibu akalificha. Huyu wa Unguja hana jibu, na anakwenda kulitafuta kwa kuuliza mbele ya watu wanaohusika. Mwalimu aliyeulizwa swali la uchawi darasani hahitaji shahada ya Ingolstadt ili afanye hivyo. Anaweza kusema, "Sijui. Lakini niambieni habari yenyewe: nani aliugua, siku ngapi, alipelekwa wapi, alikunywa maji ya kisima gani?" Wanafunzi watabishana, kipindi kitakwisha, na somo la magonjwa ya kuambukiza litakuwa limefundishwa.

Tunayasema hayo kwa kuwa sisi wenyewe hatukuyafanya. Mapema miaka ya 1990 tulikuwa karani kijana katika wilaya moja ya nyanda za pamba, kusini ya Ziwa Victoria. Siku moja tulipelekwa kijijini kuandika muhtasari wa mkutano. Mtoto alikuwa amekufa kwa homa ya siku nne. Mganga aliyetazamia alikuwa amemtaja mama mmoja mjane, mtu mzima sana, ambaye macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo macho ya kila mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa moshi wa kuni na samadi. Alikaa chini, kanga yake ameikunja mapajani. Wazee walizungumza mmoja baada ya mwingine, kwa adabu. Hatukuuliza kama mtoto alipelekwa zahanati. Hatukuuliza ni nani aliyemlipa mganga. Tulikuwa tumesoma sekondari, tuliyajua malaria na mbu wake, na tulijua kuwa tukisema neno wazee watatuona kijana wa mjini asiye na heshima. Basi tukaandika kwamba mkutano umemshauri Bibi ahame kwa usalama wake, tukaweka tarehe na sahihi. Mwandiko wetu ulisifiwa.

Mwaka uliofuata tulipita tena kijijini pale kwa kazi nyingine. Shamba la yule mama, lenye mihogo na miembe miwili, lilikuwa likilimwa na mpwa wa marehemu mumewe, yule yule aliyesimama wa kwanza kusema mkutanoni. Tulimwamkia, akaitikia kwa uchangamfu, akatukatia embe.